Kuacha Nyama, Maziwa na Mayai Bila Kuvunja Undugu: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Afrika Mashariki, anayepika kwa mkaa au gesi, anayenunua mboga sokoni, mwenye ndugu wengi na kipato cha kawaida, ambaye ameamua kuacha vyakula vyote vitokanavyo na wanyama: nyama, samaki, maziwa, mayai na samli. Miongozo mingi ya uvegani, kama njia hii inavyoitwa, imeandikiwa watu wa London na Los Angeles, ambao dukani kwao kuna jibini la korosho na aina kumi za maziwa ya pakiti. Ukiifuata hiyo ukiwa Mbagala au Kisumu, utafilisika kabla ya mwezi kwisha, na utadhani ulaji huu ni wa matajiri.

Sababu yangu ni wanyama, nami naisema wazi. Ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, na ndama wake dume hana kazi kwa mfuga maziwa. Kwenye vituo vikubwa vya kuangulia, vifaranga wa kiume wa kuku wa mayai huuawa mara tu wanapoanguliwa kwa sababu hawatagi wala hawanenepi upesi. Kuku wanaoning'inizwa kichwa chini kwenye bodaboda, kilomita kwa kilomita kwenye jua, sote tunawaona. Mwingine ataingia kwa sababu ya presha, imani au bei ya nyama, naye anakaribishwa. Hatua ni zilezile.

Jambo kubwa ninalotaka ulibebe ni hili: kwenye chungu kazi ni ndogo, maana vyakula vyetu vingi ni vya mimea tangu zamani. Kazi iko jamvini, kwenye sahani ya mtu mwingine aliyekupikia kwa upendo. Kwa hiyo nitakaa sana huko.

Hatua ya kwanza: weka mipaka yako kabla hujagusa sufuria

Chama cha kwanza cha wavegani kilianzishwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake wachache. Maelezo ya chama hicho kuhusu uvegani yanasema kuepuka kuwatumia na kuwatesa wanyama "kadiri inavyowezekana na kutekelezeka". Maneno hayo hayakuwekwa kwa bahati mbaya. Hakuna anayeishi bila kudhuru kiumbe chochote: mchicha ulikuzwa kwa samadi, ghala la mahindi limetegwa panya, na wewe mwenyewe unalala ndani ya chandarua chenye dawa ya kuua mbu.

Chukua karatasi, ugawe mambo katika mafungu matatu. La kwanza ni yale usiyoyafanya kamwe, kwa mfano kula nyama, samaki au mayai, au kuagiza mnyama achinjwe kwa ajili yako. La pili ni yale utakayolegeza panapo sababu nzito, kama wali wa msibani uliopikwa sufuria moja na nyama. La tatu ni yale ambayo kwa sasa huyahesabu kabisa, kama viatu vya ngozi ulivyonavyo tayari. Liandike kila jambo linalokujia. Anayeamua mbele ya sahani, huku watu kumi wanamtazama, huamua kwa aibu, na aibu ni mshauri mbaya.

Hatua ya pili: punguza kwa mpangilio unaookoa wanyama wengi zaidi

Wengi huanza kwa kuacha nyama ya ng'ombe, kisha wanajaza pengo kwa kuku na samaki. Kwa afya ya moyo huenda kuna faida. Kwa wanyama ni hasara. Ng'ombe mmoja hutoa nyama ya kulisha familia kwa miezi mingi, lakini kuku mmoja huisha kwa mlo mmoja au miwili, na bakuli moja la dagaa lina viumbe wasiohesabika. Ukiacha ng'ombe ukaongeza kuku, umeongeza idadi ya waliokufa kwa ajili yako.

Ndiyo maana napendekeza uanze na kuku na mayai, ufuate na samaki, halafu nyama nyekundu, na maziwa yawe mwisho. Maziwa huwa mwisho si kwa kuwa hayana madhara, bali kwa kuwa yamejificha kwenye chai, mkate, maandazi na biskuti, na kuyang'oa kunataka mazoea mapya. Jipe wiki mbili au tatu kwa kila fungu. Kama moyo wako unakutuma kuacha vyote siku moja, acha, ila soma kwanza hatua ya nne.

Kabla ya kuanza, andika ulichokula wiki nzima bila kubadilisha kitu. Nyumba nyingi za kwetu zitakuta ugali na mboga za majani, wali maharage, makande, mihogo, viazi vitamu, uji na chapati. Nusu ya safari imeshatembewa na mama yako.

Hatua ya tatu: ujue mchuzi usio na mfupa

Kinachowarudisha watu kwenye nyama mara nyingi si hamu ya nyama yenyewe, ni mboga isiyo na ladha. Maharage ya kuchemsha na chumvi hayawezi kushindana na mchuzi wa kuku. Maharage ya nazi yanaweza. Hivi ndivyo ninavyoyapika.

Loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji. Kumwaga huko kunapunguza gesi tumboni, tatizo linalowasumbua sana wageni wa ulaji huu. Chemsha kwa maji mapya, na yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi za mwanzo, hasa maharage mekundu, kwa sababu yakiwa nusu mbichi yana sumu inayotapisha. Kama una presha kuka utaokoa mkaa mwingi. Yakishaiva, ikune nazi moja kubwa, kamua tui zito uliweke pembeni, kisha kamua tena upate tui jepesi. Kaanga kitunguu mpaka kianze kuwa cha kahawia, si cheupe. Hapo ndipo ladha inapozaliwa. Weka kitunguu saumu, tangawizi, bizari kidogo na nyanya, uziache nyanya ziive hadi mafuta yaelee juu. Mimina maharage na tui jepesi, chemsha kwa moto wa wastani mpaka mchuzi uanze kushikana. Ponda maharage machache kwa mwiko pembeni ya sufuria. Tui zito liingie mwisho, huku unakoroga bila kuacha ili lisikatike, na likianza kuchemka tu epua. Kamulia ndimu mezani.

Kwa njia hiyohiyo utapika kunde, mbaazi, choroko, fiwi na njugu mawe. Mbaazi za nazi kwa mahamri ndicho kifungua kinywa cha pwani nzima, nacho hakihitaji mnyama, mradi mpishi hakutia yai wala maziwa kwenye unga. Kisamvu cha nazi na karanga, mlenda, matembele, majani ya kunde, bamia na biringanya vyote viko tayari. Ukitaka kitu cha kutafuna, tumia uyoga, fenesi bichi lililochemshwa na kuungwa, au nyama ya soya inayouzwa kavu madukani. Ile ya soya iloweke kwa maji ya moto, ikamue kabisa, kisha ikaange pamoja na viungo kabla ya kutia mchuzi. Ukiitumbukiza moja kwa moja itakuwa na ladha ya karatasi.

Chai ndiyo itakayokusumbua. Chai ya rangi yenye tangawizi na iliki inatosha wengi. Anayetaka chai nzito anaweza kuchemsha majani na viungo, kisha akatia tui jepesi mwishoni. Maziwa ya karanga nayo ni rahisi: loweka karanga mbichi usiku, zimenye, saga na maji, chuja kwa kitambaa, chemsha kwa dakika kumi huku unakoroga. Ya soya hupikwa vivyo hivyo lakini kwa muda mrefu zaidi, kwani soya mbichi huzuia mwili kusaga protini. Maziwa haya ya nyumbani hayana kalsiamu nyingi, kwa hiyo yachukulie kuwa kinywaji, usiyategemee kwa mifupa.

Hapa kuna tahadhari mbili ambazo miongozo ya Ulaya haizitaji. Ya kwanza ni sumukuvu. Ukiacha nyama utakula karanga na mahindi zaidi ya mwenzako, na hivyo ndivyo vyakula vinavyoshikwa sana na fangasi watoao sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Nunua karanga nzima badala ya zilizosagwa, zichambue moja moja, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye uchungu, na usinunue za bei ya chini isiyo ya kawaida. Ya pili ni kisamvu: kitwange vizuri na ukichemshe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ili sumu ya asili iliyomo kwenye majani ya muhogo itoke na mvuke.

Hatua ya nne: linda mwili wako

Anza na vitamini B12, maana hii haina mjadala. Hakuna mmea unaoitoa kwa kutegemewa. Si mlonge, si mwani wa spirulina, si mboga isiyooshwa. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku. Kwa kuwa mwili hufyonza sehemu tu ya kidonge, wavegani hushauriwa kumeza maikrogramu 10 kila siku au 2,000 mara moja kwa wiki. Nenda duka la dawa, soma kiasi kilichoandikwa kwenye kopo la vidonge vya B, wala usiridhike na kuambiwa "vinaongeza damu". Ini lina akiba inayoweza kudumu miaka, kwa hiyo utajiona mzima, kisha ganzi ianze kwenye vidole vya miguu na mikono, uchovu, usahaulifu. Uharibifu wa mishipa ya fahamu ukikomaa unaweza usirudi nyuma. Mwenye kisukari anayetumia metformini awe makini zaidi, kwani dawa hiyo nayo hupunguza B12 mwilini.

Madini ya chuma tunayo kwenye maharage, adesi, ufuta na majani ya kijani, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Ndimu, chungwa, papai au nyanya mbichi kwenye mlo huohuo husaidia sana. Chai huzuia. Desturi yetu ya kushushia chakula kwa chai ya moto inafaa ihamishwe: kunywa saa moja kabla au saa moja baada ya mlo. Wanawake wanaopata hedhi nzito wapime wingi wa damu kabla ya kuanza, na wapime tena baada ya miezi sita.

Kuhusu kalsiamu, mchicha unadanganya. Unayo nyingi, lakini una kiambato kinachoifunga isifyonzwe. Tegemea sukuma wiki, chainizi, ufuta usiokobolewa, na zaidi ya vyote ulezi, ambao katika gramu 100 una kalsiamu zaidi ya miligramu 300. Mtu mzima anahitaji takriban 1,000 kwa siku. Uji wa ulezi asubuhi uliotiwa ufuta wa kusaga ni msingi mzuri kuliko vidonge.

Protini watu wataiulizia kila siku na ndiyo rahisi kuliko zote. Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 48. Maharage makavu yana gramu 21 hivi katika gramu 100, karanga 26, soya 36. Makande tu, mahindi na maharage kwenye sufuria moja, yanakamilishana. Tumia chumvi yenye madini joto, hasa kwa kuwa umeacha samaki. Kijiko cha chia au mbegu za kitani kwenye uji kitakupa omega-3. Kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu ya warfarini, mwambie daktari kabla hujaongeza majani ya kijani ghafla.

Mjamzito na anayenyonyesha wasianze bila kuonana na mtaalamu wa lishe.

Hatua ya tano: kula nje na safarini

Usiseme "sili nyama" halafu unyamaze. Utaletewa kuku, au utaambiwa, "Basi nikupe samaki." Sema kamili, kwa upole: "Dada, sili nyama, kuku, samaki, mayai wala maziwa. Una nini cha maharage au majani?" Kisha uliza swali la pili, ambalo ndilo muhimu: "Maharage umeyaunga na nini?" Mama lishe mmoja huunga kwa mafuta ya alizeti, mwingine hutia mchuzi wa nyama wa jana ili yakolee, mwingine dagaa wa kusaga kwenye mchicha. Mkishazoeana, atakutengea kabla hajachanganya. Lipa vizuri, rudi palepale, na usimfundishe kazi mbele ya wateja wake.

Migahawa ya Kihindi isiyopika nyama, kama iliyopo maeneo ya Kisutu jijini Dar es Salaam, ni msaada mkubwa, ila samli na maziwa ya mgando viko kila mahali, kwa hiyo uliza. Ya Kihabeshi ni bora zaidi. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kwenye mfungo hawali nyama, maziwa wala mayai. Ukiomba chakula cha mfungo utaletewa injera (mkate wao laini wa chachu) yenye shiro (mchuzi wa unga wa mikunde), adesi na majani bila maswali mengi. Baadhi ya Wasabato nao wana uzoefu wa miaka mingi wa kupika bila nyama. Kama una jirani Msabato wa namna hiyo, mwombe mapishi.

Kwenye basi beba chakula. Stendi na vituo vya njiani vina mahindi ya kuchoma, mihogo, ndizi, karanga, machungwa ya Muheza. Chipsi utazipata popote, na mafuta yake yamekaanga kuku asubuhi yote. Hilo ni jambo la fungu la pili la ile karatasi yako. Mimi hukataa nikiwa na chaguo jingine, na nikiwa na njaa saa tisa usiku barabarani hula, kwa sababu hakuna kuku wa ziada aliyekufa kwa ajili ya chipsi zangu. Mwingine ataona kinyaa, na ni haki yake. Kipimo ninachotumia ni hicho: je, uamuzi huu unaongeza mahitaji ya mnyama mwingine, au unanisumbua mimi tu?

Hatua ya sita: ndugu, sherehe na misiba

Kijijini, kuku huchinjwa kabla hujafika. Ukikataa mezani, jogoo ameshakufa, mwenyeji amefedheheka, na hukuokoa kitu. Kwa hiyo simu ipigwe mapema, na ipigwe kwa mwenye jiko, si kwa binamu yako. Mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Unakuja lini?"

"Sijambo. Jumamosi, Mungu akipenda. Shangazi, nina ombi. Nisichinjiwe kuku. Siku hizi nimeacha nyama yote, na samaki, na maziwa."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi shangazi, ni mzima kabisa. Nimeamua tu. Nina hamu na kisamvu chako cha nazi, kile cha karanga. Nazi na karanga nitakuja nazo mwenyewe."

Angalia alichofanya: ametaja chakula anachokitaka. Mwenyeji anataka kukupa heshima, basi mpe njia nyingine ya kukupa. Ukimwambia tu usichokula, umemwachia jiko tupu. Na ukifika, kula sana, uombe uongezewe.

Mabishano ya "Mungu ametuumbia wanyama tuwale" usiyaingie mezani. Ruhusa si amri, na hilo linatosha kusemwa mara moja kwa sauti ya chini, mkishakula. Kwa wazee sema, "Nimeamua hivyo, niombee." Watakuombea.

Msibani sheria yangu ni nyepesi. Mara nyingi kuna wali na maharage, na mambo yanaisha hapo. Panapo pilau peke yake, nakula wali, nyama nampa jirani yangu wa sinia. Najua wali ule umepikwa kwa supu. Msiba si mahali pa kumfanya mfiwa ashughulikie sahani yangu. Kama kwako hilo haliwezekani, kula nyumbani kabla, ukakae na watu, ufanye kazi za kuteka maji na kupanga viti.

Harusi ina mitego miwili: mchango na ndafu. Mchango wako utanunua nyama, hata ukiomba uende kwenye mapambo, kwani fedha zote zinaingia kapu moja. Njia iliyo safi zaidi ni kujitolea kitu badala ya fedha: gunia la mchele, vinywaji, usafiri wa wageni. Kamati ikikataa, toa fedha. Kutochangia harusi ya ndugu kwa sababu ya pilau kutamfunga kila mtu masikio usisikilizwe tena. Ndafu kwa Wachaga ni jambo zito kuliko chakula. Mbuzi mzima aliyebanikwa huingizwa ukumbini kwa shangwe, na maharusi hulishana na kuwalisha wazazi wa pande zote mbili. Kama wewe ni mgeni, piga makofi, usile. Kama wewe ndiye bwana au bibi harusi, zungumza na wazazi miezi kabla. Nimeona inakubalika maharusi kuwakatia na kuwalisha wazee, wao wenyewe wakalishana keki isiyo na maziwa. Kusiwe na ndafu kabisa ni ombi kubwa zaidi, na linahitaji mjomba au baba mdogo anayekuelewa alibebe mbele ya wazee. Usilibebe peke yako.

Mahari ya ng'ombe nayo mijini hulipwa kwa fedha mara nyingi. Omba iandikwe kwa fedha, na usiulize upande wa pili utazitumia kununua nini.

Mwezi wa Ramadhani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, ndizi, kunde, tende na uji wa pilipili manga. Zaka ya fitri hutolewa nafaka. Idi ya kuchinja ndiyo ngumu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu huyafuata, udhiya, yaani kuchinja mnyama kwa ajili ya Idi hiyo, ni sunna iliyokokotezwa, si faradhi. Kuna wanaoendelea kuitekeleza na kugawa nyama yote kwa maskini bila wao kuonja, na kuna wanaoiacha wakaongeza sadaka nyingine bila kudai kuwa ni badala yake. Hili mpelekee mwanachuoni unayemwamini, usichukue jibu kwangu.

Hatua ya saba: mambo madogo yanayokera moyo

Dawa kwanza. Vidonge vingi vya rangi mbili vimefungwa kwa gelatini ya wanyama, na vingine vina sukari ya maziwa. Meza dawa aliyokuandikia daktari. Kama ipo ya aina nyingine, uliza, na kama haipo, meza. Dawa mseto ya malaria inahitaji chakula chenye mafuta kidogo ili ifyonzwe, na wauguzi wengi hushauri maziwa. Parachichi, karanga au uji wa nazi hufanya kazi hiyo. Chanjo usiziache. Mbu waue, na panya mzuie kwa kuziba matundu na kufunika nafaka kabla ya kufikiria sumu, maana sumu humfikia na paka wa jirani.

Viatu na mikanda ya ngozi uliyonayo, vaa mpaka iishe. Kuitupa hakumrudishi ng'ombe, na kiatu cha plastiki kinachopasuka baada ya miezi mitatu nacho kina gharama yake. Unaponunua kipya, tafuta turubai au raba. Mtumba wa ngozi sijaupatia jibu la mwisho. Kwa sasa nauepuka nikiweza.

Asali nataka kuizungumzia zaidi, kwa sababu wavegani wa kwetu hugombana sana hapa. Nyuki ni mnyama, na urinaji wa zamani wa kutumia moto huunguza nyuki wengi. Hata hivyo, mkoani Tabora na kwenye misitu yote ya miombo, mfuga nyuki ana sababu ya kila siku ya kuzuia msitu usigeuzwe mkaa. Msitu ukienda, wanyama wengi zaidi wanakosa makazi kuliko nyuki wa mizinga yote ya kijiji. Mimi siili asali. Lakini siwezi kumshambulia anayeila, na kama utaila, nunua kwa mtu unayeweza kumuuliza anatumia mzinga gani: wa mbao, au wa gome linaloua mti mzima. Kwenye uji, tende zilizopondwa zinanitosha.

Na tusijidanganye kwamba kisichotoka kwa mnyama hakina mwenye kuumia. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na wabanguaji wasio na glavu huungua vidole. Korosho zetu nyingi za Mtwara na Lindi husafirishwa zikiwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam, kwa hiyo hata ukiuliza dukani hutapata jibu kila mara. Nikipata kikundi cha wabanguaji wa hapa ninachoweza kukitembelea, nanunua kwao. Nisipopata, natumia karanga na ufuta.

Hatua ya nane: nyumba yenye wasio wavegani

Usilazimishe nyumba. Gawa jiko kwa makubaliano: sufuria moja na kikaango kimoja viwe vya mimea tu, na mboga ya msingi ya kila siku iwe ile inayoliwa na wote, kisha anayetaka samaki aongeze kwenye sahani yake. Kwa njia hiyo nyumba nzima hula wanyama wachache bila mtu kuhutubiwa.

Watoto ni suala la peke yake. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, na kumlisha kwa mimea peke yake kunahitaji B12 ya uhakika, mafuta ya kutosha, mikunde kila siku, na kupimwa uzito na urefu kliniki bila kukosa. Mwenye uwezo wa hayo yote na mtaalamu wa lishe wa kumsimamia anaweza. Asiyekuwa nayo, namsihi asijaribu kwa mtoto wake. Mtoto hakuchagua, na kwa familia nyingi kijiko cha dagaa wa kusaga kwenye uji ndicho chakula cha bei nafuu chenye protini, kalsiamu na B12 kwa pamoja. Kama mwenzako anataka mtoto apate dagaa na huwezi kumhakikishia mtoto hivyo vingine, kubali, na mpange nani atawachambua, kuwakaanga na kuwasaga. Ikiwa ni zamu yako, fanya kazi hiyo vizuri: ondoa mchanga, waoshe kwa maji ya moto, wakauke kabisa, wasagwe laini, wahifadhiwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko.